Linki Si Rejea, Wasee

Juzi nilipitia Karatina kwa mzee fulani mwenye mashine ya posho. Miaka mitatu iliyopita, nikiwa bado chuo (niliacha, lakini hiyo ni stori ya siku nyingine), nilimwandikia mwongozo wa kupokea mahindi: unyevu usizidi asilimia 13.5, aflatoksini isizidi sehemu 10 kwa bilioni. Chini nikabandika linki.

"Kijana, hii kitu uliweka hapa haifunguki. Mtu akibisha nimwonyeshe nini?"

Nikajaribu na simu yangu. Ukurasa haupatikani. Wenye tovuti waliipanga upya, anwani za zamani zikapotelea huko.

Na si mambo ya kubishana tu. Mwaka 2004, kule Makueni, Kitui na majirani zao, watu 317 waliugua na 125 wakafa kwa kula mahindi yenye hiyo sumu ya ukungu. Namba kama hiyo 10 lazima iwe na mahali imeshikilia.

Wazee wetu wa Nyeri walielewa hii mambo. Mpakani mwa shamba walipanda itoka. Ukikata majani, kitunguu chake kiko chini, kinachipuka tena palepale. Na kuihamisha ilikuwa mwiko.

Intaneti yenyewe ilianza na akili hiyo. Aprili 1969 Steve Crocker aliandika RFC 1, ya kwanza kwenye msururu wa hati zilizojenga mtandao. RFC ikishatoka, maandishi yake hayaguswi. Ukitaka kubadilisha, andika nyingine yenye namba mpya. Rasimu zinazotangulia? Zinaisha muda baada ya miezi sita, na ukizitaja lazima useme ni kazi ambayo bado inaendelea.

Halafu wavuti ikaja, kila mtu na anwani yake. Mwaka 1998 Tim Berners-Lee, aliyeibuni, aliwaandikia wenye tovuti akiwasihi waache kubadilisha anwani. Wapi! 2009 Yahoo wakafunga GeoCities, kurasa mamilioni zikaenda. 2014 watafiti wa Harvard wakakuta karibu nusu ya linki kwenye hukumu za Mahakama ya Juu ya Marekani hazifikishi tena kwa kile majaji walikuwa wamesoma. Mahakama ya Juu, manze!

Watu wa viwango wana dawa ya zamani. Kwa kanuni za ISO, ukitaja kiwango na mwaka wake, ni toleo hilo tu linalohesabika. Ukiacha mwaka, ni toleo jipya zaidi. Ukiandika EAS 2:2017, kiwango cha mahindi cha Afrika Mashariki, kinatafutika hata tovuti ikifa. Mimi nilitaja mahali, sikutaja kitu.

Kwa hivyo siwakatazi linki. Iwekeni, lakini ikae nyuma ya namba, mwaka na nakala iliyohifadhiwa. Mimi siogopi sana ukurasa uliokufa, huo angalau unakuambia umekufa. Naogopa ule unaofunguka vizuri, anwani ileile, kumbe mwenyewe alibadilisha 10 jana usiku bila kuandika tarehe.

Nilienda saiba, nikachapisha mwongozo upya na namba ya kiwango na mwaka, mzee akaubandika ukutani juu ya mizani. Akauliza kama 2017 ndiyo bei.