Hampshire: Ardhi, Maji na Watu Wake

Jamaa zetu waliotawanyika Maskati, Dubai na Uingereza huutaja mji wa Portsmouth kwa neno moja tu: uhamishoni. Naona neno hilo halitoshi. Wapo watoto wetu waliozaliwa huko, na mtu hawi mhamishwa katika mji aliozaliwa. Yafaa basi waijue kaunti ya Hampshire kama wazee wao walivyoijua Unguja: udongo, maji, kisha watu.

Sehemu ya kati ya Hampshire ni vilima vya mawe ya chaki. Mvua inyeshayo juu yake haitulii. Huzama, ikaja kutokeza mabondeni kwa chemchemi. Kwa sababu hiyo vilima vilikuwa malisho ya kondoo, na vijiji vikajipanga kando ya mito ya Test na Itchen, yenye maji maangavu. Winchester, makao ya Mfalme Alfred katika karne ya 9, umejengwa penye mto Itchen.

Upande wa kusini-magharibi udongo ni wa mchanga na changarawe, haustawishi nafaka. Mnamo mwaka 1079 Mfalme William wa Kwanza aliutenga kuwa msitu wa kuwindia, ndio New Forest. Na hata leo wapo wenyeji wenye haki ya kale ya kulisha farasi wao humo. Aliyelelewa Unguja hatashangaa, kwani nasi tuliijua ardhi ya uwanda, yenye mawe yasiyokubali mikarafuu, iliyowapa watu kuni na chokaa.

Pwani ya kaunti hii imekingwa na Kisiwa cha Wight, na kati yao upo mlango wa bahari uitwao Solent. Southampton una ajabu yake: maji hujaa, yakapungua kidogo, kisha yakajaa tena kabla ya kupwa. Meli kubwa hupata muda mrefu wa kuingia na kutoka, na bandari ikanufaika. Kutoka hapo zilisafiri meli za Union-Castle kwenda Afrika ya Kusini.

Portsmouth wenyewe umo kisiwani, umetengwa na bara kwa mkono mwembamba wa bahari, mfano wa Mombasa. Kisiwa hakipanuki, hivyo nyumba zimebanana. Gudi kavu lilijengwa hapo mwaka 1495 kwa amri ya Mfalme Henry wa Saba, na tangu hapo riziki ya mji ikafungamana na manowari. Jeshi hilo la majini ndilo lililoipiga mizinga kasri ya Unguja tarehe 27 Agosti 1896.

Na katika mji huohuo, mtaa wa Southsea, ndiko alikokaa Sayyid Jamshid bin Abdullah baada ya kupinduliwa Januari 1964. Alikaa zaidi ya nusu karne, hata aliporuhusiwa kuhamia Oman mwaka 2020. Akafariki Maskati tarehe 30 Desemba 2024, Mungu amrehemu.

Muda huo ni mrefu kuliko umri wa wengi wenu msomao haya. Basi tusiwafundishe wajukuu kwamba Hampshire ilikuwa chumba cha kungojea. Wapelekeni vilimani, waonyesheni maji yanavyojaa mara mbili, waambieni na habari za mizinga. Kumbukumbu ya Unguja haipungui kwa mtoto kuijua ardhi aliyozaliwa.

Wabillahi tawfiq.