Uani kwa Fundi: Karne ya Magari Makuukuu, Kutoka Mweru Hadi Pwani

Kabuta iko kwenye mwambao wa Ziwa Mweru, wilayani Nchelenge, katika mkoa wa Luapula nchini Zambia. Ng'ambo ya maji ni Kongo. Mansa, makao makuu ya mkoa, iko zaidi ya kilomita 200 kutoka hapa, na anayekwenda Lusaka bila kuvuka mpaka ana safari ya takriban kilomita 1,000. Kinachowaweka watu mjini ni samaki, na samaki hasubiri. Gari likikatika ekseli likiwa na shehena, mwenye gari ana njia mbili tu: alitengeneze kwa alichonacho, au aliache liote majani.

Historia ya gari katika upande huu wa Afrika imeandikwa mara nyingi kwa majina ya viwanda, ya magavana na ya wasafiri wa Kizungu. Naona imeandikwa kutoka upande usio wake. Gari lililofika kwetu liliundwa mara mbili: kwanza kiwandani, kisha uani kwa fundi, chini ya mwembe, juu ya magogo mahali pa jeki. Uundaji huo wa pili ndio ulioamua gari litaishi miaka mitano au arubaini.

Kabla ya gari kulikuwa na mabega. David Livingstone alipofika Mweru mnamo Novemba 1867, njia za misafara ya pwani zilikuwa zimekwisha kufika huko; katika mji wa mfalme Mwata Kazembe alimkuta Mohamed bin Saleh, mfanyabiashara aliyekuwa amezuiliwa pale kwa miaka mingi. Misafara hiyo ilikwenda kwa miguu kwa sababu moja kubwa, mbung'o. Ng'ombe wa kukokota gari na punda wa kubeba mizigo hawakudumu katika nchi ya mbung'o. Mwanzoni mwa karne ya 20 maradhi ya malale yaliwafanya watawala wa Kampuni ya Uingereza ya Afrika Kusini kuwahamisha watu kutoka kingo za mto Luapula na Ziwa Mweru na kuwakataza kuvua, na marufuku hiyo haikuondoka kabisa hadi mwaka 1922 hivi. Vita vya 1914 vilipokuja, mizigo ya jeshi la Uingereza ilibebwa na wapagazi walioitwa tenga-tenga, na wengi wao walifia njiani. Tukumbuke hayo kabla ya kumshangaa mtu anayelipenda lori lake kuukuu kupita kiasi. Lori lilimwondolea babu yake mzigo begani.

Gari la kwanza kukatiza Afrika kutoka bahari hadi bahari lilipita katika nchi hizi. Luteni Paul Graetz wa Ujerumani aliondoka Dar es Salaam tarehe 10 Agosti 1907 akafika Swakopmund, pwani ya Namibia ya leo, tarehe 1 Mei 1909. Ni karibu miezi 21. Katika muda huo gari lilisimama mara nyingi likingoja spea na petroli, kwa kuwa kila kipuri kilitoka Ulaya kwa meli na kupandishwa bara kwa vichwa vya watu. Sifa zote alipewa Graetz. Lakini safari yake ilikwisha kuonyesha jambo ambalo kila mwenye gari wa Nchelenge analijua leo: katika nchi hii, ugumu wa kuwa na gari unaanza siku kipuri cha kwanza kinapovunjika.

Jibu la kwanza la kudumu katika bonde la Luapula lilikuja na samaki. Kasenga, upande wa Kongo, Wagiriki waliingia katika biashara ya samaki wakati wa utawala wa Wabelgiji. Walinunua samaki wa Mweru na Luapula, wakawafunika kwa barafu na kuwapeleka kwa malori hadi Elisabethville, Lubumbashi ya leo, kuwalisha wafanyakazi wa migodi ya shaba. Barafu huyeyuka. Lori lililokwama nusu ya njia lilikuwa hasara ya usiku mmoja, na hasara hiyo ilifundisha kuliko shule yoyote. Vijana wa Kiafrika waliopanda malori kama hayo, hapa na kote Afrika Mashariki, walianza kama utingo: kupakia, kusukuma, kuweka mawe nyuma ya tairi kwenye mlima. Wakapanda kuwa wasaidizi wa fundi, kisha madereva, na wenye bahati wakafungua gereji zao. Hakuna aliyewaandikia cheti.

Vita vya pili viliongeza kasi. Jeshi liliwafunza udereva na ufundi maelfu ya askari wa King's African Rifles na wa Kikosi cha Rhodesia ya Kaskazini, na baada ya 1945 magari yaliyosazwa na vita yakauzwa kwa raia. Mwaka 1948 ikaja Land Rover, yenye bodi ya aluminiamu kwa kuwa Uingereza ya baada ya vita ilikuwa na uhaba wa chuma cha bati. Uhaba wa Ulaya ukawa neema ya Afrika: bodi haikuoza kwa kutu, na karibu kila kitu kilifungwa kwa bolti, kwa hiyo mtu mwenye seti ya spana na subira aliweza kulifungua gari zima akalirudisha.

Mjini Nairobi elimu hiyo ilikuwa ya nyumbani hasa. Joginder Singh, aliyezaliwa Kericho mwaka 1932, alijifunza kazi katika gereji ya baba yake, Battan Singh. Mashindano ya magari yaliyoanza mwaka 1953 yakaja kuitwa Safari Rally, na viwanda vya Ulaya vikayatumia kupima magari mapya na kujitangaza. Mwaka 1965 Joginder na ndugu yake Jaswant waliingia na Volvo PV544 kuukuu. Kiwanda kilikuwa kimeitumia katika mashindano ya mwaka uliotangulia, ikiendeshwa na Tom Trana wa Sweden, na kikaiacha. Ndugu hao waliifufua kwa mikono yao wenyewe wakashinda. Joginder alishinda tena mwaka 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer, lakini kwangu ushindi wa 1965 ndio mkubwa. Gari lililotupwa na kiwanda, likafunguliwa na kufungwa upya na mafundi wa Nairobi, liliyapita magari mapya ya viwanda katika matope ya Kenya, Uganda na Tanzania. Sijui hoja gani nyingine inahitajika.

Novemba mwaka huohuo wa 1965 Ian Smith alijitangazia uhuru wa walowezi huko Rhodesia ya Kusini, na mafuta ya Zambia, yaliyopitia huko, yakakatika. Malori yakaanza kukimbia na mapipa kutoka Dar es Salaam hadi Ukanda wa Shaba kupitia Tunduma, kwenye barabara ya vumbi na matope iliyobatizwa jina la jehanamu. Bomba la mafuta la TAZAMA lilifunguliwa mwaka 1968, na reli ya TAZARA, iliyoanza kujengwa 1970, ikakabidhiwa 1976. Miaka hiyo kati ilikula malori bila huruma, na ikazaa mafundi kuanzia Mbeya hadi Ndola.

Kisha ikaja njaa ya fedha za kigeni. Bei ya shaba ilianguka katikati ya miaka ya 1970. Zambia ilikuwa na kiwanda chake cha kuunganisha magari, Livingstone Motor Assemblers, kilichotoa Fiat. Lakini kiwanda cha kuunganisha huhitaji sehemu kutoka nje, na sehemu huhitaji dola. Tanzania nayo ilibanwa na vita vya Kagera vya 1978 na 1979, na bei ya mafuta. Spea mpya ikawa kitu cha kibali na cha kujuana. Hapo ndipo ufundi wa uani ulipokomaa. Gasketi ilikatwa kwa karatasi ngumu, bushi ikachongwa kutoka tairi lililokwisha, rejeta ikazibwa kwa risasi, springi iliyokatika ikapelekwa kwa mhunzi. Nchi za Mweru na za Wabemba zilikuwa na wahunzi karne nyingi kabla ya lori, na moto wao ulifaa springi sawasawa na jembe.

Kazi kubwa kuliko zote katika fani hii ni kuhamisha injini. Land Rover ya petroli ya miaka ya 1960 bado ina chasisi nzuri, lakini injini yake imekwisha na inakunywa mafuta kupita uwezo wa mwenyewe. Fundi anatafuta injini ya dizeli ya Toyota, Nissan au Isuzu iliyotolewa kwenye gari la ajali. Injini na gia boksi havikuzaliwa pamoja, matundu ya bolti hayakutani, kwa hiyo lazima itengenezwe sahani nene ya chuma ya kuviunganisha, ikachongwe kwa fundi wa kukereza. Sahani hiyo ndiyo roho ya kazi yote. Ikikaa pembeni kwa upana wa unywele, shafti ya gia boksi inazunguka nje ya mhimili wa injini, klachi inalika, beringi inalia, na baada ya miezi michache kila kitu kiko chini tena. Baada ya hapo vinachomelewa vishikizo vipya vya injini, propela inakatwa au kuongezwa urefu, rejeta inabadilishwa kwa kuwa joto la dizeli ni la namna nyingine, na springi za mbele zinaongezwa jani kwa sababu ya uzito. Fundi hufanya yote hayo bila mchoro. Mhandisi akiyafanya kwa kompyuta tunaita usanifu. Akiyafanya mtu mwenye ovaroli yenye grisi tunaita kuungaunga. Huo ni upofu wetu, na umetugharimu.

Serikali zetu ziliota gari jipya la kitaifa. Kenya iliagiza Chuo Kikuu cha Nairobi kuunda gari mwaka 1986. Nyayo Pioneer ilizinduliwa mwaka 1990, na hayakutoka zaidi ya magari machache ya majaribio. Tanzania iliunda kituo cha Nyumbu, Kibaha, kikatoa lori lenye jina hilo ambalo halikuenea nchini. Sizidharau juhudi hizo. Lakini wakati zikiendelea, usanifu uliokuwa ukifanya kazi kila siku ulikuwa mitaani, kwa watu wasioombwa ushauri: Gerezani jijini Dar es Salaam, Katwe na Kisekka jijini Kampala, Barabara ya Kirinyaga na karakana za jua kali jijini Nairobi. Zanzibar maseremala walijenga bodi za mbao zenye mabenchi ya pembeni juu ya chasisi za malori, na abiria wa shamba na mjini wakapanda humo kwa miongo. Arusha mafundi walijifunza kuikata Land Cruiser katikati, kuirefusha na kuipa paa linaloinuka ili mtalii asimame kumtazama simba. Watalii wengi hupiga picha wakiwa ndani ya usanifu wa Arusha na kudhani ni wa Japani.

Biashara ilipofunguliwa, Tanzania katikati ya miaka ya 1980 na Zambia baada ya uchaguzi wa 1991, magari yaliyotumika Japani yaliingia kwa wingi kupitia Dar es Salaam na Durban. Ukaguzi mkali wa Japani humfanya mwenye gari kule aliuze mapema, nasi tunalipokea likiwa na nusu ya maisha yake. Mkoa wa Luapula uliyapokea pia, hasa barabara ilipoboreka. Hadi daraja la Chembe lilipofunguliwa mwaka 2008, magari yaendayo Ukanda wa Shaba kupitia ardhi ya Kongo yalivuka mto Luapula kwa pantoni. Pamoja na magari yakaja mapande yake: pua nzima ya gari iliyokatwa, injini, nyaya na dashibodi vikiwa pamoja. Fundi alipata ghala la spea, na akapata pia adui mpya, kompyuta ndogo inayokataa kuwasha injini isiyoitambua.

Sitaficha upande mbaya. Chasisi iliyochomelewa vibaya hukatika ikiwa na watu juu. Breki za kubahatisha huua, na lori lililoongezewa majani ya springi hupakiwa kupita breki zake. Uganda ilipiga marufuku mwaka 2018 uingizaji wa magari yaliyozidi miaka 15. Kenya inakataa yanayozidi minane. Ripoti ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa ya mwaka 2020 ilihesabu magari madogo milioni 14 yaliyotumika yakiuzwa duniani kati ya 2015 na 2018, asilimia 40 hivi yakija Afrika, mengi yakiwa na moshi na hatari. Sheria hizo zina haki yake. Ila hupima umri wa gari bila kupima kazi ya fundi, na gari la miaka 40 lililofungwa upya kwa uangalifu ni salama kuliko la miaka saba lililopuuzwa.

Ufundi wenyewe haujasimama. Nairobi kampuni ya Opibus, sasa Roam, ilianza kwa kuondoa injini za dizeli katika magari ya safari na kuweka mota za umeme na betri, na Arusha kazi kama hiyo imefanyika katika Land Cruiser za mbugani. Ukiitazama vizuri ni kazi ileile ya sahani ya kuunganisha.

Ndiyo maana naomba jambo mahususi. VETA, mamlaka ya ufundi stadi ya Tanzania, tayari ina utaratibu wa kupima na kuthibitisha ujuzi wa mtu aliyejifunza kazini. Zambia nayo iupeleke utaratibu kama huo kwa nguvu hadi mwambao wa Mweru, na mtihani wa kwanza uwe breki, usukani na uchomeleaji. Makumbusho ya Moto Moto huko Mbala yanahifadhi zana za kale za watu wa kaskazini mwa Zambia. Yaweke kando ya zana hizo sahani moja ya kuunganisha injini, iliyochongwa uani, pamoja na maelezo ya aliyeichonga. Nawe msomaji, kama una fundi mzee jirani yako, nenda na daftari kabla hajaondoka, umuulize alipimaje.