Waliouawa na "waliofariki"

Hivi umewahi kuhesabu maiti wa vita vya Mau Mau? Mimi nilianza baada ya ubishi wa kijiweni, jamaa mmoja akisema wale walikuwa wauaji tu, basi.

Sawa, waliua. Usiku wa Machi 26, 1953, huko Lari, walichoma nyumba za Wakikuyu wenzao walioonekana vibaraka wa serikali, na wengi waliokufa ni wanawake na watoto. Sisi tunaowashangilia mashujaa wa msituni huwa tunauruka ukurasa huo. Hata mimi nimeshauruka.

Lakini baada ya hapo askari wa serikali na wanamgambo wake nao walilipiza kisasi palepale Lari, wakaua watu wengi. Picha za maiti wa kwanza serikali ilizisambaza. Za hawa wa pili je? Kimya.

Walowezi raia waliouawa katika vita vyote vile ni 32. Walionyongwa na serikali ni zaidi ya 1,000, ila hiyo iliitwa sheria.

Halafu kuna Hola. Machi 3, 1959, mahabusu 11 walipigwa virungu hadi kufa kwa kugoma kufanya kazi. Taarifa ya kwanza ya serikali ilisema walifariki baada ya kunywa maji. Maji, jamani! Hakuna aliyefikishwa mahakamani kwa vifo hivyo.

Waingereza waliipiga marufuku Mau Mau mwaka 1950. Kenya ikapata uhuru 1963. Marufuku ile imekuja kufutwa 2003.