Kasida Iliyofika Ziwani: Sheikh Uweisi wa Barawa na Waislamu wa Ujiji

Historia ya ushairi wa Kiswahili imezoea kuandikwa kutoka Lamu, Pate na Mombasa, kulikohifadhiwa miswada. Kwa anayeitazama kutoka Buzebazeba, katika Manispaa ya Kigoma-Ujiji, historia hiyo ina sura nyingine. Huku bara utungo wa dini ulienezwa zaidi kwa kinywa, na miongoni mwa watungaji ambao athari yao ilivuka nyika hadi Ziwa Tanganyika, Sheikh Uweisi bin Muhammad al-Barawi anastahili nafasi kubwa kuliko anayopewa katika vitabu vya fasihi.

Uweisi alizaliwa Barawa, katika pwani ya Somalia ya leo, mwaka 1847. Hakutoka katika ukoo wa masharifu. Baada ya kusoma kwa masheikh wa mji wake alikwenda Baghdad, penye kaburi la Abdulkadir Jilani, akapewa ijaza ya kueneza tarika ya Kadiriya. Aliporejea katika miaka ya 1880 alikuwa na hadhi ambayo nasaba haikumpa, na Sayyid Barghash wa Zanzibar alikuwa miongoni mwa waliomkaribisha.

Alitunga kwa Kiarabu, kwa Kisomali na kwa Chimiini, lahaja ya Kiswahili ya Barawa. Jambo hili ni zito kuliko linavyoonekana. Chimiini hutumia chi- pale Kiswahili sanifu kinapotumia ki-, na urefu wa irabu zake hubadili maana. Msomaji wa Dar es Salaam hukiona kigumu. Lakini kwa Wabarawa wasiojua Kiarabu, wanawake wakiwa wengi wao, utenzi wa Chimiini ulikuwa ndio darasa. Waliuhifadhi kwa kuusikia.

Mashairi hayo yalikuwa na wapinzani. Uweisi alitetea kuwaomba mawalii wawe wasila kwa Mungu, jambo lililopingwa vikali na Muhammad Abdille Hassan wa tarika ya Salihiya. Mwaka 1909 wafuasi wa Muhammad Abdille walimuua Uweisi huko Biyoley.

Kilichopanda bara hakikuwa Chimiini chenyewe. Ilikuwa ni namna ya ibada: dhikri ya kundi, pumzi zilizopangwa kwa mahadhi, na kasida yenye kiitikio. Katika miaka ya 1890 Tabora ilikuwa na khalifa aliyetoka Barawa, Sheikh Zahur bin Muhammad, na kutoka Tabora njia ya misafara iliendelea hadi Ujiji. Waarabu wa Oman waliofanya biashara Ujiji, wengi wao Waibadhi, hawakujishughulisha sana kuwasilimisha watu. Wamanyema, Wabwari na Waha, ambao baadhi yao walifika mjini wakiwa watumwa au wapagazi, hawakuwa na nasaba ya kujivunia wala vitabu. Dhikri haikuwadai kimojawapo. Ilitaka sauti, na hapo mtu wa kawaida aliweza kuwa kiongozi.

Mfano ulio wazi zaidi uko Bagamoyo, mwisho wa pili wa njia ile ile yenye urefu wa kilomita 1,200 hivi. Yahya bin Abdallah, maarufu kwa jina la Sheikh Ramiya, alitolewa Manyema, ng'ambo ya ziwa, akiwa mtumwa mtoto. Alisoma, akawa khalifa wa Kadiriya, na mwaka 1916 akafanywa liwali wa mji uliompokea kama bidhaa. Alifariki mwaka 1931, na ziara ya Bagamoyo ikaendelea kuwakusanya wafuasi kutoka pwani na bara.