Kanisa lilivyoingia katika bajeti ya Makueni

Mwaka 2025 kanuni za hazina ya mabadiliko ya tabianchi za Kaunti ya Makueni zilitimiza miaka 10. Ndizo zilizokuwa za kwanza nchini Kenya kuilazimisha serikali ya kaunti kutenga asilimia 1 ya bajeti yake ya maendeleo kwa ajili ya ukame, mafuriko na majanga mengine ya hali ya hewa. Hazina hiyo inapotajwa Nairobi siku hizi, sifa humwendea gavana, au hupewa wafadhili. Kanisa halikumbukwi sana, na hilo si haki.

Dini na serikali zimekuwa zikikutana Kibwezi, ndani ya Makueni, tangu zamani. Wamisionari wa Kiskoti waliofika mwaka 1891 wakiongozwa na Dkt. James Stewart walisaidiwa na vigogo wa kampuni iliyokuwa ikitawala eneo hili kwa niaba ya Waingereza. Homa iliwaua wengi, na kufikia 1898 waliobaki walikuwa wamehamia Kikuyu. Makanisa yaliyokuja baadaye yalizoea kugawa chakula mvua ikikosa. Watu wa mwethya, vikundi vya kazi za pamoja, nao walichimba silanga za kuhifadhi maji na kujenga mabwawa ya mchanga kwa mikono yao. Kuidai serikali kwa sheria lilikuwa jambo jipya, nalo lilikuja na ugatuzi wa mwaka 2013.

Ripoti za ADA, muungano wa mashirika ya kuhimili mabadiliko ya tabianchi, ambazo makala hii inaziegemea sana, zinaeleza kwamba mpango wa hazina za tabianchi za kaunti ulianzia Isiolo kisha ukapelekwa kaunti nyingine nne. Makueni ulisimamiwa na Anglican Development Services Eastern, tawi la maendeleo la Kanisa la Kianglikana. Ng'ambo ya mto Athi, Kitui, kazi hiyo ikawa ya Caritas ya Wakatoliki. Kwa hiyo katika Ukambani huu mkavu, kaunti mbili jirani zilifundishwa kupanga bajeti ya tabianchi na mashirika ya kanisa. Wananchi walichagua kamati za wadi, kamati zikachagua miradi, na mara nyingi walichoomba ni maji. Asilimia 70 ya fedha ilitengewa wadi, 20 miradi ya kaunti nzima, na uendeshaji ukawekewa ukomo wa asilimia 10.

Lakini kanuni hizo zilizaliwa katikati ya vita. Gavana wa kwanza, Profesa Kivutha Kibwana, na wawakilishi wadi hawakuwa wakisikilizana kuhusu bajeti. Gavana alidai bunge la kaunti linajipangia fedha nyingi mno, na wawakilishi wakadai anawadharau. Septemba 2014 risasi zilirindima katika majengo ya bunge la kaunti mjini Wote, watu kadhaa wakajeruhiwa. Saini zikakusanywa kuomba kaunti ivunjwe. Tume iliyoongozwa na wakili Mohamed Nyaoga ikapendekeza ivunjwe kweli, na mwaka 2015 Rais Uhuru Kenyatta akakataa. Ndani ya kaunti hiyo, ambayo haikuwa na hakika kama itaendelea kuwepo, kanuni za tabianchi zikapita. Zilitungwa kupitia Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, yaani ziliingia kwa mlango wa hazina, si wa siasa za mazingira. Nadhani huo ndio ujanja uliozivusha: ni vigumu kwa mwakilishi kukataa maji ya wadi yake.

Kibwana mwenyewe hakuwa mgeni wa mada hiyo. Mwaka 2006, akiwa Waziri wa Mazingira, ndiye aliyeongoza mkutano wa kimataifa wa tabianchi, COP12, uliofanyika Nairobi. Miaka ya 1990 alikuwa miongoni mwa viongozi wa vuguvugu la kudai katiba mpya, ambako maaskofu na wanasheria walizoea kukaa meza moja.

Wayahudi wa Marekani nao wameifuata njia hii ya kuunganisha dini na sera za mazingira. Mwaka 1993 waliunda muungano wao wa mazingira, COEJL, na mwaka 2020 Rabi Jennie Rosenn akaanzisha Dayenu, shirika linaloibana serikali kuu na Bunge la Marekani juu ya tabianchi. Amri ya kuipumzisha ardhi kila mwaka wa saba, ambayo marabi huitaja wanapohimiza utunzaji wa ardhi, imo katika Walawi 25, kitabu kinachosomwa pia katika kila kanisa la Kibwezi. Hapa Kibwezi penyewe Wayahudi hawakuja na maandamano bali na mipira ya maji. Chuo Kikuu cha Ben-Gurion cha Israeli kilishirikiana na Chuo Kikuu cha Nairobi kuanzisha kituo cha kilimo cha umwagiliaji wa matone. Kilimo kilipokewa vizuri, ila hakikuigusa bajeti ya serikali.

Baada ya 2015 Wajir ilifuata, kisha kaunti nyingine, na kuanzia 2021 mpango wa FLLoCA wa Benki ya Dunia ukaueneza mtindo huu karibu nchi nzima. Ukubwa huo umekuja na maafisa na fomu nyingi, na kanisa limerudi pembeni. Mwaka 2022 hazina ilirithiwa na Gavana Mutula Kilonzo Junior. Bajeti ya kaunti hupitishwa kila Juni, na maaskofu wanaijua njia ya kwenda Wote.