Asturlabu za shaba na karakana za kifamilia

Asturlabu ni chombo bapa, aghalabu cha shaba ya manjano, kilichotumika kupima kimo cha jua na nyota, kujua saa, nyakati za sala na uelekeo wa kibla. Baadhi ya zile kongwe zimehifadhiwa Doha, Qatar, katika Makumbusho ya Sanaa ya Kiislamu, jengo la msanifu I. M. Pei lililofunguliwa mwaka 2008 kwenye kisiwa cha kutengenezwa kando ya Corniche.

Muundo

Bamba la nje, liitwalo umm, lina kina cha kupangia safiha, kila moja ikiwa imechorwa kwa latitudo maalumu. Juu ya safiha huzunguka ankabuti, wavu wa shaba ambao ncha zake huonyesha nyota mashuhuri. Mgongoni kuna alidada, rula ya kulengea. Msafiri aliyetoka Baghdad kwenda Lahore alilazimika kubadili safiha.

Asturlabu ya al-Khujandi

Hii ndiyo johari ya mkusanyo wa Doha. Ilitengenezwa mwaka 374 Hijria (984/985 Miladia) na Hamid ibn al-Khidr al-Khujandi, mwenyeji wa Khujand, katika Tajikistan ya leo. Fundi huyu alikuwa mwanafalaki kamili: mwaka 994 alijenga sudusi (chombo cha kupimia pembe) kubwa ya ukutani mjini Rayy, karibu na Tehran ya sasa, chini ya ufadhili wa mtawala Fakhr al-Dawla, akapima mwinamo wa mhimili wa dunia. Ankabuti ya chombo chake imepambwa kwa umbo la majani manne, pambo lililokuja kuonekana baadaye hata kwenye asturlabu za Ulaya. Mwaka huohuo wa 374 ndugu wawili, wana wa Ibrahim wa Isfahan, walitia saini asturlabu ambayo sasa iko Oxford.

Ukoo wa Allahdad, Lahore

Hakuna ukoo wa mafundi wa asturlabu unaojulikana vizuri kuliko huu, kwa sababu nzuri: mafundi wake walichonga nasaba zao kwenye shaba, mwana wa fulani, mwana wa fulani, hadi kwa babu. Mwanzilishi, Ustad Shaykh Allahdad, alijinasibisha na mfalme Humayun wa Wamughali. Asturlabu yake moja ni ya mwaka 1567. Alifuatwa na mwanawe Mulla Isa, kisha wajukuu Qa'im Muhammad na Muhammad Muqim. Kitukuu Diya' al-Din Muhammad, mwana wa Qa'im, aliwapita wote kwa wingi wa kazi, na mwaka 1680 alikuwa bado anachonga.

Ustadi wao wa kustaajabisha ni tufe la nyota lisilo na kiungo. Mafundi wengi wa kwingineko waliunganisha nusu mbili. Lahore walifinyanga nta juu ya kiini cha udongo, wakaifunika, wakaiyeyusha, kisha wakamimina shaba mahali pake. Mbinu hii haikuwa mali ya ukoo huu peke yake. Fundi wa Kashmir, Ali Kashmiri ibn Luqman, alikwisha kutengeneza tufe la namna hiyo mwaka 998 Hijria.

Baharini

Manahodha wa Ghuba na pwani ya Waswahili hawakutegemea chombo hiki cha thamani. Walitumia kamali, kibao chenye uzi wa mafundo, wakipima kimo cha nyota kwa isba, yaani upana wa kidole. Asturlabu ya bamba ilikuwa zaidi kazi ya msikiti, madrasa na ikulu.

Hali ya sasa

Makumbusho ya Doha yalifunguliwa upya Oktoba 2022 baada ya ukarabati. Mkusanyo wake ulianza kwa manunuzi makubwa ya Sheikh Saud Al Thani, aliyeongoza baraza la utamaduni la Qatar hadi 2005. Nayo asturlabu kubwa ya ndugu wa Lahore, Qa'im na Muqim, yenye uzito wa kilo 8.2 na iliyowahi kumilikiwa na jumba la kifalme la Jaipur, iliuzwa kwa mnada na Sotheby's, London.