Neno Linalotafutwa: Kampuni ya Google na Lugha ya Kiswahili



Kenyamonta imo mkoani Mara, wilayani Serengeti, katika nchi ya Wangoreme. Mtoto wa huko husema Kingoreme nyumbani, hufunzwa kwa Kiswahili katika shule ya msingi, na akifika sekondari hukutana na Kiingereza. Naomba tumweke mtoto huyo mbele ya macho yetu jioni hii. Historia ya kampuni ya Google kwa kawaida husimuliwa kuanzia California, na ikianzia huko huonekana kuwa ni historia ya mashine. Ikitazamwa kutoka Kenyamonta huonekana kuwa ni historia ya lugha: ni nani aliyeyaandika maneno ambayo mashine huyatafuta, naye aliyaandika kwa lugha gani.

Mwaka 1996 Larry Page na Sergey Brin, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford, walikuwa wakichunguza viungo vinavyoziunganisha kurasa za intaneti. Wazo lao walilichota katika desturi yetu sisi wanazuoni. Makala inayorejelewa na wengi huhesabiwa kuwa ina uzito, na ikirejelewa na wenye uzito huzidi kupanda. Wao walikifanya kila kiungo kuwa rejeo la namna hiyo, wakazipanga kurasa kwa hesabu yake. Kampuni iliundwa Septemba 1998, katika gereji moja ya Menlo Park. Mwaka 2000 ikaanza kuuza matangazo mafupi yanayoambatana na neno lililotafutwa. Ofisi yake ya kwanza ng'ambo ikafunguliwa Tokyo mwaka 2001, na Agosti 2004 hisa zake zikauzwa kwa umma.

Kanuni hii humpa zaidi aliye nacho. Ukurasa usio na majirani wa kuurejelea hubaki chini, na katika miaka hiyo kurasa za Kiswahili zilikuwa chache, tena zimetawanyika.

Lakini lipo tatizo jingine, ambalo mwanaisimu hawezi kulipita kimyakimya. Mitambo ya awali ya utafutaji ililinganisha neno kama lilivyoandikwa. Neno la Kiingereza hubadilika kidogo, na aghalabu mwishoni. Kitenzi cha Kiswahili hubadilika mbele, kati na nyuma: analima, hawakulima, walilimiwa, wanaolima, kisha huzaa mkulima na kilimo. Mwanafunzi wa Kenyamonta akiandika "mkulima wa pamba", mtambo wa aina hiyo haukumletea ukurasa unaozungumzia "wanaolima pamba", ingawa jambo ni lile lile. Watunga kamusi walipambana na tatizo hili zamani. Frederick Johnson, katika kamusi yake ya mwaka 1939, aliyaweka majina yaliyonyambuliwa chini ya vitenzi vyao, kwa hiyo aliyetafuta mkulima alipaswa kwanza kujua kwamba mzizi wake ni lima. Wanafunzi wa vizazi kadhaa wameilalamikia kamusi ile kwa sababu hiyo, nami nilikuwa mmoja wao. Hata hivyo Johnson alimweleza msomaji kanuni yake. Mtambo haukueleza, ulirudisha orodha fupi, na mtafutaji akaondoka akidhani kwamba jambo lake halikuandikwa. Mitambo ya leo imesonga mbele katika hili, lakini miaka ya kwanza ndiyo iliyowajengea watu mazoea, na wengi walizoea kuuliza kwa Kiingereza.

Kuitafsiri sura ya mtambo, yaani vitufe na maelekezo yake, ilikuwa kazi nyepesi zaidi, na Google iliwaachia watu wa kujitolea. Haikuwa peke yake katika uwanja huo. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zilizo wazi na za bure kwa Kiswahili, na Microsoft nayo ilitangaza mwaka huo huo mpango wa kuzitafsiri programu zake. Tulifurahia sana kuona istilahi zetu kwenye kioo cha kompyuta. Pengine tulifurahi kupita kiasi, kwani kitufe kilichoandikwa "Tafuta" hakimwongezei mtafutaji hata ukurasa mmoja wa kusoma.

Kampuni yenyewe ilifika kwetu mwaka 2007, ilipoweka ofisi Nairobi chini ya Joseph Mucheru, ambaye baadaye alikuwa waziri wa habari na teknolojia wa Kenya. Mwaka uliobeba mengi ni 2009. Mwezi Juni, nchini Uganda, Google, MTN na Grameen Foundation walianzisha huduma ya kuuliza kwa ujumbe mfupi wa simu, pamoja na ushauri wa kilimo. Mwezi Julai mkongo wa SEACOM ulianza kazi katika pwani ya Afrika Mashariki, ambako mawasiliano ya intaneti yalikuwa yakitegemea setilaiti na gharama zake kubwa. Mwaka huo huo Kiswahili kikaingizwa katika mtambo wa kutafsiri wa Google, na kabla haujaisha kampuni ikawaalika wanafunzi wa vyuo vya Kenya na Tanzania kushindana kuandika makala za Wikipedia ya Kiswahili.

Shindano hilo ndilo ungamo lililo wazi kuliko yote. Mtambo wa kutafsiri wa wakati ule ulijifunza kwa kulinganisha matini nyingi zilizokwisha kutafsiriwa na binadamu, na mtambo wa kutafuta hauna cha kupata pasipo kurasa. Kampuni ilikuwa imefika mahali ambapo bidhaa yake ilihitaji waandishi, nayo haikuwa na waandishi. Sisi tulikuwa nao. Majarida ya Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, Mulika na Kiswahili, yalikuwa yamekusanya utafiti wa miongo mingi, lakini yalikuwa kwenye karatasi, kama huu mhadhara utakavyokuwa ukitoka kiwandani.

Njaa hiyo ya maarifa yaliyokusanywa na wengine ilionekana pia katika biashara. Kampuni ya Mocality ilikuwa imejenga orodha ya biashara za Kenya kwa kuwalipa watu waliopita mitaani wakiandikisha maduka na karakana. Januari 2012 ilitangaza kwamba watu waliofanya kazi katika mradi wa Google wa kuwapeleka wafanyabiashara kwenye intaneti walikuwa wakiitumia orodha hiyo kuwapigia simu wateja wake. Google iliomba radhi hadharani.

Baada ya hapo mwendo ulikuwa wa haraka. Mwaka 2022 kampuni ilitangaza kujenga Nairobi kituo chake cha kwanza cha kuunda bidhaa katika Afrika. Mwaka 2024 ikatangaza mkongo wa Umoja, wa kutoka Kenya kupitia Uganda, Rwanda, Kongo, Zambia na Zimbabwe hadi Afrika Kusini, kisha Australia. Juni mwaka huo lugha 110 ziliongezwa kwenye mtambo wa kutafsiri, karibu robo yake za Afrika, Kijaluo kikiwemo. Wajaluo wa Rorya, wilaya iliyomegwa kutoka Tarime mwaka 2007, waliikuta lugha yao humo. Kingoreme hakikuwemo. Mtoto wa Kenyamonta mwenye swali la nyumbani kwao hulitafsiri mwenyewe kwanza, kichwani, ndipo anapoliandika kwa Kiswahili.